Picha Bila Jina ni Mali Bila Daftari

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani nilidhani methali hii ni ya wenye maduka na wafugaji wa ng'ombe. Siku hizi naona inatuhusu sisi sote ambao tuna kompyuta nyumbani, na ndani yake picha zimejaa pomoni.

Walimu wetu wapendwa na wanachama wenzangu, niruhusuni nianze na kisa kilichonifanya nishike kalamu. Babu yangu alituaga mwezi wa Agosti 2024. Jamaa walipoketi kupanga mazishi, shangazi akataka itafutwe picha moja nzuri ya kuwekwa juu ya jeneza na kuchapishwa kwenye ratiba. Kila mtu akasema, "Picha ziko kwa kompyuta, tumeni huyu kijana." Kijana mwenyewe ndimi.

Nikaiwasha kompyuta yetu kuukuu. Nikakuta folda zinazoitwa "Picha mpya", "Picha mpya 2", "Za simu ya Mama" na "Usifute". Ndani yake mlikuwa na picha zaidi ya elfu sita, nyingi zikiitwa IMG na tarakimu nne basi. Nilikesha hadi saa nane za usiku. Nilimwona mbuzi wetu, nikaona keki, nikajiona mimi mwenyewe mara mia. Babu sikumpata ila mgongo wake tu, ameshika fimbo anaenda zake. Mwishowe ilichukuliwa picha ya kitambulisho chake, ikakuzwa na kukuzwa mpaka uso ukawa kama umefunikwa na ukungu. Hiyo ndiyo waombolezaji waliyoiona.

Wiki tatu baada ya mazishi, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikaipata! Babu ameketi chini ya mwembe, kofia mkononi, anacheka mpaka pengo linaonekana. Ilikuwa katika folda ya "Vyeti vya shule". Nyanya alipoonyeshwa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kumbe alikuwa humu siku zote hizo?" Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuweka si kuhifadhi. Picha tuliiweka, lakini kwa kuwa haikuwa na jina wala mahali pake, siku ya haja ilikuwa sawa na isiyokuwepo. Maoni yangu ni haya: kila nyumba yenye picha katika kompyuta iwe na daftari lake la picha, na wa kulishika daftari hilo ni sisi vijana.

Kwanza tuelewe kwa nini picha hupotea. Kamera haimjui babu wala mbuzi. Yenyewe huhesabu tu: 0001, 0002, hadi 9999, halafu kamera nyingi huanza tena 0001. Kwa hivyo picha mbili za miaka tofauti zaweza kuwa na jina moja. Ukizihamishia folda moja, kompyuta itakuuliza kama ile ya kwanza ifutwe iwekwe hii mpya. Wewe una haraka, unabonyeza ndiyo bila kusoma. Kwisha! Ya kwanza imekwenda.

Pili, kuna suala la tarehe. Ndani ya picha ya kamera au simu huwa mna maelezo yasiyoonekana kwenye picha yenyewe: siku na saa iliyopigwa, aina ya kamera, na pengine hata mahali. Maelezo hayo ni msaada mkubwa, lakini si ya kuaminiwa kama msahafu. Kamera ambayo saa yake haikurekebishwa itaandika uongo. Isitoshe, picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na maelezo yale huondolewa. Ile tarehe iliyo katika jina lake ni ya siku ilipoingia kwenye simu yako, wala si siku ya harusi yenyewe. Kama wataka picha kamili, mwombe mwenzako aitume kama waraka, au muihamishe kwa waya.

Najua wengine watanicheka waseme, "Wewe nawe! Siku hizi kuna programu za kutambua nyuso, ya nini kujisumbua?" Kweli zipo. Kwa mfano digiKam, ambayo haiuzwi, yaweza kukusanya pamoja nyuso zinazofanana. Lakini ni lazima mtu aiambie huyo ni nani. Mashine itakuonyesha kwamba mzee huyu yuko katika picha arobaini. Haitakuambia kuwa ndiye aliyemlea mama yako. Wengine watasema picha zao ziko kwenye intaneti. Vyema, lakini bando hulipiwa, na nafasi ya bure ina mwisho. Google Photos ilikuwa ikiruhusu picha bila kikomo, lakini tangu Juni 1, 2021 picha mpya zinahesabiwa katika nafasi ya akaunti yako. Tena, picha elfu kumi zisizo na majina ni fujo ile ile, ziwe nyumbani au huko mbali.

Basi tufanyeje? Mimi nimefanya hivi, na si kazi ya kuhitaji fundi. Nimetengeneza folda moja kuu, "Picha". Ndani yake mna folda ya kila mwaka, na ndani ya mwaka folda ya kila tukio. Jina la tukio huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, hivi: 2023-12-26 Harusi ya Mjomba. Mwaka utangulie kwa sababu kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe mosi za miezi yote zitarundikana pamoja. Tarehe nisiyoijua naandika mwaka tu.

Kisha majina ya watu. Katika kompyuta yenye Windows, ukifungua sifa za picha utaona nafasi ya kuandika lebo. Hapo naandika "Babu, Nyanya, mwembe". Siku nikimtaka Babu naandika neno hilo katika kisanduku cha kutafutia, naye anakuja. Mwisho ni nakala. Kanuni ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Zetu ziko kwenye kompyuta, kwenye diski ya pembeni, na kwenye flashi iliyo kwa shangazi. Kompyuta ikiibwa au ikiungua, hatutalia mara mbili.

Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana: kila jioni tunarudi kwa wale wanaoyajua majina. Wazee wanajua nani ni nani, sisi tunajua kubonyeza. Kila Jumamosi mimi hukaa na Nyanya kwa nusu saa, na tumefika picha za mwaka 2016. Juzi nilitaka kufuta picha ya mzee fulani asiyejulikana, amesimama karibu na baiskeli. Nyanya akanishika mkono. "Huyo usimfute. Huyo ndiye aliyemkopesha babu yako karo, baba yako akasoma." Katika nyumba yetu hakuna mwingine aliyelijua jambo hilo. Laiti ningebonyeza kabla hajasema!

Chama chetu nacho kijitazame. Tuna picha za tamasha za miaka iliyopita ambazo chini yake pameandikwa "Wanachama" basi. Wanachama gani? Wengine walishamaliza shule na hatujui hata walikariri shairi gani. Napendekeza tuchague mtunzaji picha, aandike majina wiki ile ile ya tamasha, kabla hatujasahau.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Ndugu msomaji, usingoje upangiwe mazishi ndipo uanze kutafuta. Jioni ya leo fungua folda moja tu, umwite mzee wako aketi karibu, umuulize, "Huyu ni nani?" Mimi kalamu naiweka chini. Nyanya ananingoja na mwaka wa 2015.