Mkemia Mkatoliki Jeshini

Kijana aliyesomea kemia akitaka kufanya utafiti jeshini, wapo wanaomwambia kuwa Mkristo hafai huko. Sikubaliani nao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 79, unamtambua askari anayetimiza vema wajibu wake kuwa mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Kutafuta namna ya kugundua sumu hewani au kusafisha maji ni kulinda uhai.

Lakini namba hiyo hiyo inafundisha kwamba utii usiohoji haumwondolei mtu hatia. Fritz Haber, mkemia Mjerumani, aligundua njia ya kutengeneza amonia, ambayo leo hutupatia mbolea. Mkemia huyo huyo alisimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, akiamini analitumikia taifa lake.

Basi kijana, kabla ya kutia saini, uliza: utafiti huu unalenga nini? Nikiagizwa uovu, nitakuwa tayari kukataa, hata nikipoteza kazi? Kama huna jibu, subiri kwanza, sali, utafute ushauri. Kiapo kwa taifa hakifuti dhamiri.