HESABU NCHA KWANZA



Tangu 2002, Pennsylvania, Marekani, mtu mzima haruhusiwi kumpiga kulungu dume mchanga. Sehemu nyingi ni lazima pembe moja iwe na ncha tatu. Wawindaji wamegawanyika. Wengine husema, "Mimi nataka nyama, pembe za nini?"

Ndugu yangu, nyama hujanyimwa. Majike yana vibali vyake. Dume mchanga umeambiwa tu umwache akue.

Muislamu uliye huko, hili si geni kwako. Windo la bara ni halali, lakini aliyehirimia ameharamishiwa mpaka atoke ihramu. Soma Suratul Maida. Halali nayo ina mipaka yake.

Hukuziona ncha vizuri? Shusha bunduki. Lenye shaka liache.

Allah aturuzuku subira. Aamin.