Mnasema Hawana Kiwango. Kwani Mliwapa Mbio Ngapi?

Wasee, leo nimekasirika kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Jumamosi ya tarehe 27 Septemba 2025 nilikuwa kwa matatu ya kutoka Rongai, simu mkononi, bando inakaribia kuisha, naangalia mbio za barabarani za wanawake kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli. Yalikuwa Kigali. Mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Kilomita 164.6, mlima baada ya mlima, na ile barabara ya mawe ya Kimihurura ambayo hata kuipanda kwa miguu ni kazi. Mwishowe akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Mbio tamu sana, manze.

Halafu nikafanya makosa. Nikaenda kusoma komenti.

Mabinti wengi wa upande wetu wa Afrika Mashariki waliachwa mapema, na wengine walitolewa barabarani kabla ya kumaliza. Waliokuwa wa kwanza kuwacheka si Wazungu. Ni sisi. Ati wameenda kutalii. Ati wanatuaibisha nyumbani kwetu. Na neno moja likawa linarudi kila mahali: kiwango. Hawana kiwango, mbona walichaguliwa?

Mimi nasema hivi, na nitalirudia hadi mnielewe: kwa baiskeli, kiwango hakitangulii mbio. Kiwango kinatoka kwa mbio. Na anayeamua ni nani atapata mbio ni yule anayechagua timu. Ukitaka kumcheka mtu, angalau mcheke anayefaa.

Tuanze na hii ya kutomaliza. Kesho yake, Jumapili, wanaume walikimbizana kwa barabara hizo hizo za Kigali, kilomita 267.5. Walianza zaidi ya 160. Unajua waliomaliza ni wangapi? 30. Thelathini tu! Watu wenye mishahara ya mamilioni, wenye madaktari na wapishi wao, walishuka kwa baiskeli wakaingia kwa gari. Kuna mtu aliandika ati Ulaya iache kutuma watalii? Hakuna. Ikawa ni "mbio ilikuwa ngumu". Mwanaume wa Ulaya akiacha njiani, barabara ndiyo mbaya. Msichana wa Kiafrika akiacha njiani, yeye ndiye mbaya. Hebu tusemezane ukweli hapo.

Najua penye tunakosea, juu sisi Wakenya tumelelewa na riadha. Kwa mbio za uwanjani mambo yanaeleweka: unaenda majaribio pale Nyayo, unakimbia, ukimaliza mbele na muda unaotakiwa unao, unaenda. Msichana anaweza kukimbia peke yake asubuhi kule Iten na saa ya mkononi ikamwambia ukweli wake wote. Kwa hivyo tunadhani baiskeli nayo iko hivyo. Ukiwa na mapafu na miguu, umemaliza.

Haiko hivyo hata kidogo. Mbio za baiskeli za barabarani zinaendeshwa ndani ya kundi. Unakaa sentimita chache nyuma ya gurudumu la mwenzako, kwa mwendo wa gari la mtaani, na ukijificha vizuri unaokoa karibu theluthi ya nguvu zako. Ukiogopa kukaa hapo, unapigwa na upepo siku nzima. Ukiwa nyuma ya kundi wakati wa kuingia kona, wa mbele wameshatoka na kukanyaga, wewe bado uko kwa breki. Kila kona unalipa deni hilo. Mlima ukifika, miguu imekwisha, na mtu kwa simu anasema huna miguu.

Sasa niambie, hiyo kitu utaifundishwa wapi ukiwa peke yako Ngong asubuhi na lori za mchanga zinakupita? Huwezi. Unaifundishwa na kundi lenyewe, mbio baada ya mbio, ukianguka, ukiachwa, ukirudi. Mzungu wa miaka 19 ambaye amekuwa akishindana kila wikendi tangu akiwa mdogo ana mamia ya masomo hayo. Wetu anaweza kuingia mashindano ya dunia akiwa na mbio za kuhesabu kwa vidole.

Na msidhani ngazi ya wanawake ilikuwa nzima hata huko kwao. Wanaume wa chini ya miaka 23 walipata mbio yao ya mashindano ya dunia mwaka 1996. Wanawake wa umri huo walipata yao lini? 2025. Huko huko Kigali. Miaka 29 baadaye! Kabla ya hapo, msichana akitoka kwa vijana anatupwa moja kwa moja kwa kundi la watu wazima, na tangu 2022 walikuwa wanachambua tu matokeo ya mbio kubwa kutafuta nani wa chini ya miaka 23 ametangulia. Tour de France nayo iliwapa wanawake mbio yao kutoka 1984 hadi 1989, ikaacha, na hii ya sasa ikaanza 2022. Mshahara wa chini wa timu za daraja la juu la wanawake uliwekwa 2020, yuro 15,000 kwa mwaka. Daraja la kati la timu likaanza 2025. Kule chini kabisa, ambako wengi wanaanzia, hakuna kima cha chini. Unaweza kuitwa mwendesha baiskeli wa timu ya kimataifa na bado unamwomba mathe doh ya chakula.

Yaani hata waliozaliwa karibu na hiyo ngazi walikuta vidato vimetoka. Halafu wewe unamwambia msichana wa Nairobi ama Musanze apande haraka.

Kitu kingine. Nyinyi mnaopenda kuchagua timu kwa makaratasi, hebu mniambie makaratasi yamewahi kuwa sawa mara ngapi. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021: Uholanzi ilileta wanawake wanne, pengine kikosi kikali zaidi duniani. Austria ilikuwa na mmoja, Anna Kiesenhofer, daktari wa hisabati, hana hata timu ya kulipwa. Alitoroka mwanzo wa mbio, na wale wakali nyuma wakamsahau. Annemiek van Vleuten alivuka mstari mikono juu akidhani ameshinda. Alikuwa wa pili.

Olimpiki ya Paris 2024: Kristen Faulkner wa Marekani hakuwa kwenye orodha ya mbio za barabarani mwanzoni. Aliingia baada ya Taylor Knibb kuachia nafasi yake. Akachukua dhahabu, mbele ya Marianne Vos na Lotte Kopecky. Huyu alianza baiskeli ukubwani, 2017, akiwa na kazi ya ofisi New York.

Kigali 2025: wakubwa waliangaliana, kila mmoja akingoja mwenzake avute, na Vallieres ambaye hakuwa amepigiwa upatu akaenda zake.

Mashindano makubwa matatu, washindi watatu ambao makaratasi hayakuwachagua. Lakini sikilizeni vizuri, sisemi ati yeyote anaweza kushinda. Hao watatu wote walikuwa wameshaendesha ndani ya makundi ya Ulaya. Walijua kusoma mbio. Tofauti yao na dada yetu ni kwamba kuna siku mtu alifungua mlango wakaingia, na hata walipoachwa nyuma hakuna aliyewaambia wasirudi.

Na mkitaka mfano wa Afrika, huyu hapa: Kim Le Court wa Mauritius. Kisiwa ambacho wengine wenu mnakijua kwa picha za harusi. Alijaribu Ulaya akiwa mdogo, haikukubali, akarudi Afrika, akashindana kwa baiskeli za milimani Afrika Kusini. Kwa hesabu zenu huyo ameshapimwa akaonekana hana kiwango, sivyo? Mwaka 2024 timu ya Ubelgiji ya daraja la juu, AG Insurance-Soudal, ikamchukua. Mwaka huohuo akashinda hatua ya mwisho ya Giro d'Italia. Aprili 2025 akashinda Liège-Bastogne-Liège, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na nyuma yake alikuwepo Demi Vollering. Miezi mitatu baadaye akavaa jezi ya njano ya Tour de France na kushinda hatua ya 5.

Miguu yake haikubadilishwa hospitalini, wasee. Alipewa kalenda ya mbio, akapewa timu ya wenzake sita wa kumkinga upepo na kumletea maji, akapewa mtu wa kumwamini. Kile mlikuwa mnakiita kiwango kikaonekana.

Sasa nawasikia wa upande wa pili, na wana hoja, sitawakatalia. Wanasema kumpeleka mtu asiye tayari kwa mbio ngumu ni hatari, na ni pesa za umma zinamwagika. Wanasema angoje akomae kwanza. Sawa. Lakini akomae wapi? Tour du Rwanda, mbio kubwa ya huku kwetu, iko kwenye kalenda ya kimataifa tangu 2009 na imejengwa kwa ajili ya wanaume. Ukisema angoje, lazima unionyeshe mahali pa kungojea. Bila hivyo unamwambia tu akae nyumbani, kwa lugha ya adabu.

Na hatari kubwa zaidi si uteuzi wenyewe. Ni uteuzi wa dakika ya mwisho. Mnamkumbuka Ese Ukpeseraye wa Nigeria, Paris 2024? Alikuwa ameenda kwa mbio za barabarani, akapata nafasi ya ghafla kwa mbio za uwanja wa ndani, na hakuwa na baiskeli ya huko. Timu ya Ujerumani ndiyo ilimwazima. Yeye mwenyewe aliwashukuru mtandaoni. Fikiria unaenda Olimpiki kwa baiskeli ya kuazima ambayo hujaizoea, halafu mtu ameketi kwa kochi anakupigia hesabu za kiwango.

Niwape na ya mtaani. Kuna dada mmoja tunaendesha naye Jumamosi, jina lake naliacha. Siku moja alipigiwa simu Alhamisi: kuna mbio Jumapili, kaunti nyingine, uko kwa timu, nauli jitafutie. Breki zake za nyuma zilikuwa zimeisha. Tulichanga, fundi akamwekea Jumamosi usiku. Alienda. Akaachwa baada ya kilomita thelathini, akamaliza peke yake barabara ikiwa imeshafunguliwa, matatu zinampigia honi, na pale mwisho walikuwa wanakunja hema. Yule aliyempigia simu akamwambia, "Unaona? Bado huna kiwango." Hajaitwa tena. Mimi nilikuwa hapo. Nilimwona akifungua viatu bila kusema kitu, na nilikosa la kumwambia.

Kwa hivyo nikisikia hilo neno, sisikii uchambuzi wa michezo. Nasikia vile mtu anaficha kazi ambayo hakuifanya.

Tunachotaka si miujiza. Wachaguzi wa timu, popote walipo, waandike vigezo na waviweke wazi mapema, miezi, si siku. Waseme ni mbio zipi zitahesabiwa. Wakimchagua msichana, wamtafutie mbio kadhaa kabla ya ile kubwa, hata kama ni za kuvuka mpaka kwa basi, juu Kigali na Kampala si mwezini. Wasimtume mmoja kama sadaka. Watume kikundi kilekile, mwaka huu na mwaka ujao, wazoeane, wajue nani anavuta na nani anamaliza. Na akirudi ameachwa, wamuite tena. Hapo ndipo wengi hupotea: si kwa mbio ya kwanza, ni kwa simu ambayo haikupigwa tena.

Na sisi mashabiki tuna kazi pia. Siku nyingine ukiona dada yetu ameachwa na kundi, kabla uandike chochote jiulize maswali matatu. Aliambiwa lini kwamba amechaguliwa? Mwaka huu ameshindana mara ngapi? Alikuwa na wenzake wangapi barabarani? Ukipata majibu na bado uone shida ni yeye, njoo tubishane, niko hapa hadi usiku. Usipoyapata, basi shida umeshaiona iko wapi. Iandike hiyo.