Mwiba wa Samaki na Koo la Mtoto

Leo tunajibu swali lililotufikia kutoka kwa akina mama wa Ziwa, kaskazini-magharibi ya mji wa Eldoret. Ni mama waliolelewa pwani wakaolewa bara. Huku walizoea nguru, papa na taa. Kule, ijapokuwa mji unaitwa Ziwa, samaki hupandishwa kwa gari kutoka Kisumu: ngege, mbuta na omena. Wanauliza: ikiwa paka na ndege hula samaki pamoja na miiba yake, kuna ubaya gani mtoto aliyekwamwa na mwiba kumezeshwa tonge la ugali ili ushuke, kama tulivyofanyiwa sisi na mama zetu?

Tumelipenda swali hili kwa kuwa limeanza na kuwatazama viumbe. Basi na tuwatazame vizuri.

Aliyewahi kusimama ufukweni Kisumu atakuwa amemwona mdiria, yule ndege mweusi kwa mweupe anayetua hewani huku akipiga mbawa, kisha akajitupa majini kama jiwe. Akimpata samaki hamli papo hapo ikiwa ni mkubwa kiasi. Humchukua hadi tawini, akambamiza na kumbamiza mpaka atulie. Kisha humgeuza, akamtanguliza kichwa. Hapo ndipo penye hekima, kwani miiba ya mapezi ya samaki imelalia upande wa mkia. Atakayemmeza kwa kuanzia kichwani, miiba hulala. Atakayeanzia mkiani, miiba husimama kama mikuki. Mnandi naye, anayezamia na kumfukuza samaki chini ya maji, hufuata kanuni hiyohiyo, na hakuna chuo alichosomea.

Baada ya hapo nyama humeng'enywa, na mifupa na magamba yaliyobaki hukusanyika tumboni yakawa tonge, na ndege hulitapika likatoka kwa njia lililoingilia. Chini ya matawi wanapolala wanandi utayakuta matonge hayo. Kulastara hahitaji kutapika miiba. Tindikali ya tumbo lake ni kali kiasi cha kuyeyusha mifupa ya samaki, na mamba amepewa tumbo la namna hiyo pia. Kwazi, tai mlasamaki mwenye kichwa cheupe, hana haja ya kumeza samaki mzima: humkanyaga kwa kucha, akambandua nyama kwa mdomo wake uliopinda, na uti wa mgongo wa samaki mkubwa akauacha. Ama fisi maji, yeye hutafuna. Ana magego ya kusaga, na kinyesi chake hujaa vipande vya mifupa na magamba.

Wala tusidhani kwamba hawa wote wamepewa hati ya usalama. Wamekutwa ndege waliokufa na samaki amekwama kooni, aliyekuwa mkubwa mno kuliko koo lenyewe.

Sasa tumrudie mtoto wa Ziwa. Hana firigisi, wala tumbo la kutapika tonge la mifupa kila siku, wala tindikali ya kulastara, na magego yake ya utu uzima hayajaota. Mwiba wa ngege ukimchoma, mara nyingi hukwama kwenye findo au shina la ulimi. Hapo daktari mwenye taa na koleo anaweza kuuona na kuung'oa kwa muda mfupi. Tonge la ugali linapopitishwa kwa nguvu laweza kuusukuma ndani zaidi ya nyama, au kuuteremsha hadi kwenye umio, mahali ambapo jicho halifiki. Umio ukitoboka, uchafu huingia kifuani, na hilo ni jambo la kuua. Ni kweli kwamba wengi wamemeza tonge na mwiba ukashuka. Hao ndio wanaosimulia.

Na ndimu? Wapo wanaomnywesha mtoto maji ya ndimu au siki ili mwiba uyeyuke. Samaki hukaa ndani ya tumbo la kulastara kwa saa nyingi. Ndimu hupita kooni kwa nukta chache, ikauwasha mchubuko na mwiba ukabaki vilevile.

Kwa hiyo, mama, mtoto asile tena, asiingizwe kidole, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Akitokwa na mate asiyoweza kuyameza, au damu, au akipumua kwa shida, msingoje asubuhi. Mjini Eldoret ipo Hospitali ya Rufaa ya Moi. Na picha ya eksirei isipoonyesha kitu, ilhali mtoto bado analia kila amezapo, msitosheke nayo, kwani miiba mingine ya samaki haionekani katika picha hiyo.

Mwenyezi Mungu ameitaja katika Surat An-Nahl, aya ya 14, neema ya nyama laini itokayo baharini, nasi hatumwambii mtu amnyime mtoto samaki. Papa na taa hawana mfupa bali gegedu. Mbuta ana miiba mikubwa inayoonekana, akichambuliwa kwa vidole na si kwa kijiko. Ngege ni wa kuchambuliwa mara mbili, na kwa taa ya kutosha; mwenye haraka ampikie mtoto kitu kingine. Omena miiba yake ni laini, nayo huwapa watoto madini ya kujenga mifupa. Na kwa kuwa wengine wametuuliza juu ya matumbo yake: wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesamehe kilichomo tumboni mwa samaki wadogo, kwa uzito wa kuwasafisha mmoja mmoja.

Limebaki suala la paka. Paka wa porini hula samaki mbichi, ambaye miiba yake hupinda. Ya samaki wa kukaanga imekauka, huvunjika ikawa na ncha, nayo humkwama paka kama inavyomkwama mwanadamu, ila yeye hana wa kumweleza. Mnaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Basi mpeni nyama iliyobaki kichwani, na miiba ifukieni katika shamba la mahindi, kina cha kutosha mbwa asiifukue. Udongo wa mahindi hunufaika nayo.