"Amedata" si jina la ugonjwa

Najua UE zinakaribia na wengi mko bize na madesa, ila leo naomba dakika tano za kitu ambacho hapa chuo tunakiongelea kwa kicheko au kwa kunong'ona tu. Mtu akianza kuongea peke yake bwenini, jioni ile ile kampasi nzima ina majibu: kitabu kimemzidi, ni bangi, karogwa na ndugu zake. Kesho yake wazazi wanakuja kumchukua, habari imeisha.

Kwangu haijaisha. Kitaalamu hali ile inaitwa saikosisi: mtu anashindwa kutenganisha kilicho kweli na kinachotoka kichwani mwake. Anasikia sauti ambazo nyie hamzisikii. Anaamini mwenzake wa chumbani anamwekea sumu, na hata umpe ushahidi gani habadiliki. Maneno yake hayashikani. Lakini sikilizeni, saikosisi ni dalili kama homa ilivyo dalili. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa nimonia, na daktari haandiki "homa" akaishia hapo. Sisi tunaandika "amedata" tunaishia hapo.

Zipo za aina nyingi. Kuna skizofrenia, ambayo dalili zake hudumu miezi sita au zaidi, na mara nyingi huanza ujanani mpaka miaka ya ishirini na kitu. Yaani umri wetu huu huu. Kuna ya ugonjwa wa baipola: mtu halali siku tatu, anagawa boom lote, anasema yeye ndiye rais ajaye. Sonona ikiwa kali sana nayo inaweza kuileta. Kuna ya mama aliyejifungua, inampata kama mmoja au wawili kati ya wazazi 1,000, na hiyo ni dharura. Kuna inayoletwa na bangi, mirungi au pombe, hata kuacha pombe ghafla. Kuna ya kifafa, ya VVU, ya malaria iliyopanda kichwani. Na kuna ya muda mfupi, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa, inayoisha kabla ya mwezi na mtu anarudi kama alivyokuwa.

Kwa nini nang'ang'ania tofauti hizi? Kwa sababu wa malaria akizungushwa kwa waganga anaweza kufa ndani ya siku chache. Na wa skizofrenia kadiri anavyochelewa dawa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu, wakati dawa zenyewe zipo tangu miaka ya 1950. Sikatazi dua wala maombi. Mwombeeni, ila muwe njiani kwenda hospitali. Na siyo lazima afike Mirembe kule Dodoma, jina ambalo tumeligeuza tusi. Hata Muhimbili kuna idara ya afya ya akili.

Halafu suala la masomo. Mtu akivunjika mguu tunaelewa akiahirisha mwaka. Huyu naye aahirishe kwa barua ya daktari, nafasi yake ibaki, asihesabiwe kadisko. John Nash aliugua skizofrenia akiwa na miaka 30 hivi, na mwaka 1994 akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Sisemi kila mgonjwa atakuwa Nash. Nasema hakuna anayejua nani atarudi darasani mpaka apewe muda.

Kwa hiyo likitokea chumbani kwenu: msimcheke, msimrekodi, msibishane naye kuhusu sauti anazosikia. Angalieni kama ana homa, kumbukeni imeanza lini na katumia nini, mkamweleze daktari. Akiongelea kujidhuru, asiachwe peke yake hata dakika moja. Na akirudi chuo, msalimieni kwa jina lake.

Haya, turudi kwenye madesa.