TUSINUNUE DENI LA MTU MWINGINE

Ndugu wafanyakazi wenzetu,

Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya mshahara, nyumba za kazi na saa za zamu. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watadai si kazi ya chama, nalo ni kununua pikipiki au gari lililokwisha kutumika. Sisi twaona ni kazi ya chama kabisa, na sababu yake tutaitoa hapa chini.

Sisi tunaotoka Meru na Embu twajua kwamba reli haikufika kwetu. Ilifika Nanyuki ikakoma huko. Kwa hiyo mfanyakazi wa reli wa upande wetu, akiyafikiria maisha ya baada ya kazi, hafikirii behewa. Afikiria pikipiki ya kuchukua abiria Runyenjes au Siakago, ama pikapu ya kubeba miraa ya Maua na ndizi za Nkubu. Na kwa kuwa chombo kipya hakishikiki kwa mshahara wetu, hutafuta kilichotumika. Hapo hapana kosa. Kosa ni kutoa fedha kabla ya kuuliza kama chombo hicho kimekwisha kulipiwa chote.

Siku hizi pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo. Mtu hutoa kiasi kidogo kwanza, kisha hulipa kila siku au kila juma. Watu humwona juu yake asubuhi na jioni, humwita mwenyewe, lakini bado kuna mwenye kumdai. Akilemewa na malipo, au akiwa na nia mbaya tangu mwanzo, huiuza kwa bei ya chini kwa mtu asiyejua. Bei hiyo ndiyo inayotuvuta. Wazee walisema rahisi ni ghali.

Tuseme mwenzetu mmoja amekopa shilingi 90,000 katika Sacco, akanunua pikipiki ya namna hiyo. Mwezi wa pili waja watu waliotumwa na mkopeshaji, karatasi mkononi. Wameifuata kwa kifaa kilichofichwa ndani yake. Waipakia kwenye lori na kwenda zao. Simu ya muuzaji imezimwa. Pikipiki imekwenda, lakini mkopo wa Sacco haukwenda nayo, na kila mwisho wa mwezi mshahara wakatwa. Akishindwa kulipa, hukatwa wadhamini wake. Na wadhamini ni nani, kama si sisi tunaofanya naye kazi katika stesheni moja na karakana moja? Mtu mmoja amenunua bila kuuliza, na jamaa wanne wamepungukiwa karo ya watoto. Ndiyo sababu twasema jambo hili ni la chama.

Wengine husema, "Mimi nilinunua kwa haki, nina risiti, korti itanisaidia." Ndugu, tusijidanganye. Kanuni ya zamani katika sheria ya mauzo ni kwamba mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Tena mwaka 2017 Kenya ilipata sheria mpya ya dhamana za mali inayohamishika, ikaiondoa ile ya tangu 1930. Kwa sheria hii mkopeshaji huandikisha dai lake katika rejista ya dhamana inayotunzwa kwa kompyuta, na dai likishaandikwa hukifuata chombo hata kikiingia mikononi mwa mtu mwingine. Kuna nafuu kwa anayenunua kwa mfanya biashara katika biashara yake ya kila siku. Lakini anayenunua kwa jirani au kwa broka wa njiani asiitegemee nafuu hiyo. Na si magari tu, kwa maana hata ng'ombe, mashine na mazao yaweza kuwekwa dhamana.

Aliyekopa naye alikumbukwa. Sheria ya mwaka 1968 juu ya kununua kwa malipo ya mafungu iliweka kwamba mtu akisha kulipa theluthi mbili, mwenye mali asimnyang'anye bila kwenda kortini. Lakini huo ni ulinzi wa aliyeandikiana na mkopeshaji. Aliyenunua kwake kichochoroni ndiye anayebaki mikono mitupu.

Basi yafaa tufanye hivi:

1. Tutazame logibuku, tulinganishe namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo juu ya chombo chenyewe. Kama kuna jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na la muuzaji, tujue deni lipo au lilikuwapo halijafutwa.

2. Tusiitegemee karatasi ya muuzaji peke yake. Tuombe nakala ya kumbukumbu za gari kutoka kwa NTSA kwa njia ya eCitizen. Ada yake ni ndogo mno kando ya bei ya pikipiki. Asiyejua kompyuta aende Huduma Centre ya Meru au ya Embu.

3. Tutafute pia katika rejista ya dhamana kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji.

4. Tukikuta deni, si lazima kukimbia. Twende na muuzaji kwa mkopeshaji, tupewe barua ya salio. Salio tumlipe mkopeshaji mwenyewe, tupate risiti na barua ya kuondoa dai, ndipo muuzaji apewe kinachobaki.

5. Fedha ya mwisho isitoke kabla chombo hakijahamishwa kwa jina letu. Sheria ya barabara yatambua mwenye jina katika rejista kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mnunuzi hapewi zaidi ya siku 14 za kulitumia barabarani kabla ya kuandikishwa.

Twajua neno litakalosemwa: "Muuzaji ni mtu wa kwetu, twasali naye, nitamwulizaje mambo ya madeni?" Sisi twajibu kwamba mtu mwaminifu hachukizwi na swali hilo. Yeye ndiye atakayekuja na karatasi zake kabla ya kuulizwa. Anayekasirika, au anayesema kuna mteja mwingine anangoja na fedha mkononi, huyo ametuambia jambo la maana bila kujua.

Wala hatusemi wakopeshaji wote ni wabaya. Aliyetoa fedha yake ana haki ya kulipwa. Lakini haki hiyo ina wajibu wake. Aandikishe dai mapema ili mnunuzi alione, na deni likiisha aliondoe upesi, asimzungushe maskini ofisi kwa ofisi.

Mwisho, twataka jambo moja lipelekwe katika mkutano mkuu wa Sacco yetu. Mwanachama anayeomba mkopo wa kununua chombo kilichotumika alete kwanza majibu ya utafutaji, na hundi iandikwe kwa jina la mkopeshaji au la muuzaji aliyethibitishwa, si fedha taslimu mkononi. Watakaosema huku ni kumchelewesha mwanachama wakumbuke kwamba siku mbili za kungoja ni chache kuliko miaka mitatu ya kukatwa mshahara kwa pikipiki isiyokuwapo. Na kila mdhamini, kabla ya kutia sahihi, aombe kuyaona majibu hayo kwa macho yake. Hiyo ni haki yake, kwa kuwa mshahara unaowekwa rehani ni wake pia.

Wenu katika kazi,
Wanachama wa Meru na Embu