Jenerali hakushindwa? Muulize mpagazi

Wasee, kila video ya Lettow-Vorbeck ni ile ile: jenerali Mjerumani mjanja, aliyewazungusha Waingereza Afrika Mashariki miaka minne bila kushindwa. Sawa, alijisalimisha Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Lakini jeshi lake lilikula nini? Chakula cha wanavijiji. Mizigo ilibebwa na nani? Wapagazi, pande zote mbili, na walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Sisi wa Nyamira hatukuwa mbali: Septemba 1914 walipigana hapo Kisii. Hata Kariakor ya Nairobi imepewa jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ukimsifu jenerali, wataje na hao. La sivyo hiyo si historia, ni tangazo tu.